Mwaka 1964 katika wasifu wa Adrian Leftwich

Ndugu Mhariri,

Wanaomwandika Adrian Leftwich hupenda kuruka mwaka mmoja. Husema aliongoza NUSAS, chama cha wanafunzi Afrika Kusini, akawapinga Makaburu, akaishia uhamishoni Uingereza akifundisha siasa za maendeleo Chuo Kikuu cha York. Ni kweli tupu, ila 1964 imefukiwa.

Baada ya urais wa wanafunzi aliingia kwenye kundi la siri lililokuja kuitwa African Resistance Movement. Kazi yao ilikuwa hujuma, hasa kulipua minara ya umeme. Julai 4, 1964 polisi walipekua fleti yake Cape Town wakakuta nyaraka za kundi. Kuweka karatasi nyumbani kulikuwa kosa la kwanza. La pili lilikuwa zito zaidi: mtu mmoja aliwajua wenzake wa Cape Town na wa Johannesburg pia, maana mtandao ulisukwa kwa urafiki wa chuoni. Sheria ya 1963 iliwaruhusu polisi kumweka mtu ndani siku 90 bila mashtaka wala wakili. Leftwich, akiwa kizuizini, alipoanza kutaja majina, hapakuwa na pa kukomea. Akatoa ushahidi upande wa serikali katika miji yote miwili. Mwenzake wa kundi, Eddie Daniels, alifungwa miaka 15, Robben Island. Hugh Lewin, rafiki wa karibu wa Leftwich, miaka 7. Leftwich akaachiwa, akaondoka nchini. Mwaka 2002 alikiri hayo kwa maandishi yake mwenyewe.

Usomi wake nao hupindishwa. Huambiwa alihubiri utawala bora. Kumbe aliwabishia wafadhili waliougeuza kuwa suala la kiufundi, huku siasa ndizo zinazoamua. Mwaka 1995 alitaja sifa sita za dola ya kimaendeleo, yaani dola inayosukuma yenyewe maendeleo ya uchumi: viongozi waliodhamiria kweli, dola isiyotekwa na kundi lolote, watendaji wa uchumi serikalini wenye uwezo na kinga dhidi ya mashinikizo, asasi za kiraia dhaifu, uwezo wa kudhibiti mitaji binafsi, na mchanganyiko wa ukandamizaji, uhalali na matokeo. Botswana na Korea Kusini ni miongoni mwa mifano yake. Sifa ya nne na ya sita huachwa na wanaomnukuu. Hazinogi kwenye semina.

Mkimwandika tena, tafadhali wekeni zote sita, pamoja na Julai 4.

Msomaji wenu