Kumwokoa simba wa Kusini kunaanza na nguruwe pori

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu hali ya simba, chui na duma porini, nami naomba nafasi ndogo. Mimi ni mkulima wa mpunga na mihogo wilayani Liwale, mkoani Lindi.

Mliyoandika ni kweli na yanauma. Wanyama hao watatu wote wako kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, na duma wamebaki kama 7,000 tu. Simba wa Afrika nzima hawafiki 40,000. Uwanja wa mpira wa Dar es Salaam wenye jina la mzee wetu wa Lupaso, hayati Rais Benjamin Mkapa, unaingiza watu 60,000. Simba wote hawaujazi. Na nchi yenye simba wengi kuliko zote ni hii yetu, Tanzania.

Lakini makala imemtaja mwanakijiji mara moja tu, kama mtu anayetega sumu. Haikueleza kinachomfikisha huko.

Kati ya 1990 na 2004 simba waliua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wengine 308. Hesabu hiyo ilitolewa mwaka 2005 na mtafiti wa simba kutoka Marekani, Craig Packer, akiwa na watafiti wenzetu Dennis Ikanda na Bernard Kissui, na Lindi, Mtwara na Rufiji ndiko kulikoumia zaidi. Walichokiona ndicho tunachokijua huku: simba anamfuata nguruwe pori. Nje ya hifadhi swala na pofu wamekwisha kwa mitego ya nyaya na mashamba mapya, ila nguruwe amebaki, tena anaongezeka, maana wengi wetu hatumli na hakuna anayehangaika kumwinda. Usiku anaingia shambani. Nasi tunalala huko huko kumlinda asimalize chakula cha watoto.

Dungu langu ni nguzo nne, sakafu ya mianzi na paa la nyasi. Halina ukuta. Asubuhi moja nilishuka nikakuta nyayo, kila moja pana kuliko kiganja changu. Alizunguka dungu mara mbili, akasimama upande tunaoweka vichwa. Mwanangu wa miaka kumi alikuwa bado amelala juu. Siku ile, Mhariri, mtu angeniletea sumu ningeipokea. Nashukuru hakuna aliyeileta, kwa sababu mzoga uliotiwa sumu hauchagui. Unaua simba, chui, fisi na tai wote kwa pamoja.

Jambo jingine ni mwezi. Usiku wa mwezi mpevu mawindo yanamwona simba mapema, naye anashinda njaa. Siku zinazofuata mwezi unachelewa kuchomoza, na lile giza la saa moja mpaka saa nne ndilo linaloua watu. Watafiti wamelithibitisha, lakini sijawahi kusikia likitangazwa kwenye mkutano wa kijiji. Matokeo yake mtu akiliwa, maneno yanageukia simba wa kutumwa na wachawi, na bibi kizee asiye na hatia anaanza kuogopa majirani zake.

Mwaka juzi tulisaidiana kuchimba mtaro wa kina cha kiuno kuzunguka ekari mbili za jirani yangu. Tuliona nyayo za nguruwe zimefika ukingoni zikageuka. Msimu ule hakulala dunguni hata siku moja. Kazi ya mtaro ni ngumu, jembe na sururu peke yake hazitoshi kwa kijiji kizima, na hapo ndipo fedha za uhifadhi zingefaa. Tuleteeni pia askari wa wanyamapori wapunguze nguruwe kabla mpunga haujaiva, badala ya kuja na bunduki baada ya msiba.

Na kifuta machozi, ile fedha ya serikali kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, kitoke mapema. Familia moja ninayoifahamu imehangaika zaidi ya mwaka, kila safari inaambiwa karatasi moja haipo. Watoto wa marehemu wanasikia redioni jinsi simba anavyothaminiwa.

Mimi sitaki simba aishe. Nikimsikia akinguruma mbali, upande wa hifadhi, moyo unajaa, najua pori letu bado lina uhai. Ila mpunga wangu umeanza kuinama, wiki ijayo tunahamia dunguni, na mwezi mpevu utatukuta huko.

Mkulima,
Liwale, Lindi