Kuni za Juni zipasuliwe Juni iliyotangulia

Mhariri,

Baridi ya Juni hadi Agosti ikiingia Njombe na Makete, malalamiko ni yale yale: kuni zina moshi, haziwaki, dohani inachuruzika lami. Lawama hubebeshwa mti wa mlingoti (mkaratusi), ilhali tatizo ni maji. Mti ukikatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mzigo wa kilo 20 unaweza kuwa na kilo 8 hadi 10 za maji, na moto lazima uyachemshe yote ndipo chumba kipate joto.

Wengi hununua Mei, mvua zikiwa ndiyo kwanza zinakatika, wakitaka kuziwasha wiki hiyo hiyo. Zilipaswa kupasuliwa mwaka mmoja kabla, zikapigwa na kiangazi chote, kisha zikangoja chini ya bati mvua zipite.

Gogo zima halikauki upesi kwa sababu gome huzuia maji kutoka. Likate liwe fupi kuliko jiko kwa sentimita 5, upasue vipande vya unene wa sentimita 7 hadi 10. Mlingoti upasuliwe ungali mbichi. Ukishakauka, nyuzi zake zilizosokotana hurudisha shoka. Penye kifundo tumia kabari ya chuma na nyundo, usibishane nacho. Kuni za miti ya miwati hupasuka kwa urahisi na makaa yake hudumu. Mipaina ni ya kuwashia.

Panga kuni juu ya magogo mawili yaliyolazwa, zisiguse udongo wala ukuta. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanafunika rundo kwa turubai hadi chini, mvuke unakosa pa kutokea, kuni zinaota ukungu. Funika juu tu, pande ziachie upepo.

Iliyokauka ina nyufa kwenye ncha, gome linabanduka, na vipande viwili vikigonganishwa hulia kwa ukali. Mbichi hutoa mlio mzito. Mwenye mizani apime kipande kimoja, aandike uzito kwenye ncha, arudie kila mwezi. Uzito ukiacha kushuka, tayari.

Kuni mbichi hupaka dohani masizi yenye lami, na siku moto ukipanda juu masizi hayo huwaka humo humo. Isafishwe kabla ya Juni. Hata hivyo jiko la kuni lenye dohani nzima ni salama kuliko jiko la mkaa chumbani milango ikiwa imefungwa: hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na huua watu usingizini.

Kwa wauzaji: acheni kuuza kuni kwa kilo, maana kilo humlipa mwenye kuni mbichi. Uzeni kwa ujazo, rundo la mita 1 kwa 1 kwa 1 lililopangwa likabana. Mnunuzi naye aulize zilipasuliwa mwezi gani kabla hajauliza bei.

Wasomaji wenu,
Njombe