Mama, nimempigia kura nesi

Ashford, Kent
14 Julai 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo, na salamu nyingi kwenu nyote. Mimi ni mzima, hofu ni kwenu, hasa nikisikia habari za maandamano huko Kenya. Mwambie Hamadi asishuke mjini siku hizo. Kazi inakwenda, alhamdulillahi.

Ujumbe wa kaka Salim nimeupata. Anataka shilingi laki tatu, ajipange mapema kwa kiti cha MCA, mjumbe wa bunge la kaunti, 2027: fulana, mafuta ya gari, na pilau ya wazee wa mtaa. Nakujibu wewe, kwani nikimjibu yeye tutatupiana maneno na utakayeumia ni wewe.

Unaikumbuka harusi ya Zuhura. Mbele ya wajomba wote Salim alisema, "Nesi ni nesi tu, hata akienda Ulaya." Mimi nilikuwa nimeshika sinia ya sambusa. Nikaingia nayo jikoni, sikutoka tena. Na Baba alikuwa ndiyo kwanza ameuza ile minazi ya Takaungu nipate nauli. Sijawahi kulitaja neno lile, lakini halijanitoka moyoni.

Basi Mama, mbunge wetu hapa Ashford sasa ni nesi. Jina lake Sojan Joseph, mtu wa Kerala huko India, pwani hiyo hiyo ya Malabar ambayo babu hakuchoka kuitaja akihadithia majahazi. Alikuja Uingereza 2001, akauguza wagonjwa wa akili miaka zaidi ya 20. Akaingia kwenye udiwani wa mji huu, kisha chama cha Labour kikamsimamisha kwa ubunge. Na kiti chenyewe, Mama! Kipo tangu 1885 na Labour haikuwahi kukikalia hata siku moja. Aliyekuwapo, Damian Green, alikishika tangu 1997 na amewahi kuwa waziri mkubwa, mtu wa karibu kabisa na waziri mkuu wa wakati ule. Nesi akamshinda kwa kura 1,779.

Moja katika hizo ni yangu. Sisi wa Jumuiya ya Madola tunaoishi hapa kihalali tunaruhusiwa kupiga kura. Tarehe 4 nilitoka zamu ya usiku, nikavaa buibui langu jeusi lile ulilonishonea, nikaenda moja kwa moja hadi ukumbi wa kanisa walikoweka kituo. Bibi mmoja mzee akatazama kitambulisho changu cha ukaazi, akanitazama usoni, akachukua rula na kulipigia jina langu mstari, taratibu, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Hakuna wino wa kidoleni. Ndani ya kijibanda cha kura kuna penseli imefungwa uzi, unaweka alama ya mkasi, unakunja, unatumbukiza sandukuni. Dakika tano hazikufika. Nilipotoka nje miguu ilikuwa ikinitetemeka, na sikuwa na mtu wa kumshika mkono. Nilikutamani wewe, Mama.

Matokeo yalipotoka, sista mmoja wa Kerala alikuja wodini na kopo la ladu. Tulizila tumesimama kando ya kabati la dawa, wahindi, wafilipino, na mimi, mikono inanata sukari. Hakuna aliyesema nesi ni nesi tu. Wiki hii ameapishwa, ni mmoja wa wabunge 650, na mshahara wake mwaka huu wa 2024 ni pauni 91,346. Hilo mwambie Salim, najua atauliza.

Lakini mwambie na haya. Huku mgombea anaweka dhamana ya pauni 500, akikosa asilimia 5 ya kura haioni tena. Matumizi yake ya kampeni yana kikomo cha sheria, na kumlisha mtu ili akupigie kura ni kosa la jinai. Na asiseme hayo ni ya wazungu, kwani kwetu pia sheria hiyo ipo. Ni sisi tunaoifumbia macho. Fulana sinunui. Pilau sipiki. Hizo laki tatu ni usiku wangu mwingi sana wa kugeuza wagonjwa, siwezi kuzimwaga kwa siku moja ya shangwe.

Ila simtupi, ni kakangu. Ule mfereji wa maji nyuma ya msikiti umeziba tangu mimi niko shule. Aanze hapo. Akiuzibua yeye na vijana wake, na mwaka ukapita angali anautunza, ada ya tume ya uchaguzi nitamlipia mimi mwenyewe, na nitamwombea usiku na mchana.

Pesa za dawa yako ya presha nimetuma jana kwa namba ya Hamadi. Zihesabu mbele yake, na Salim akija kukopa, zimekwisha. Wifi yake Zuhura anasafiri kuja mwezi ujao. Mpe achari ya ndimu, chupa mbili, uzifunge vizuri na nailoni. Ile ya mwaka jana ilimwagika kwenye sanduku, nikaila hivyo hivyo kwa kidole.

Mwanao akupendaye,
Mwanaisha