Matembezi ya kikundi chenu cha wastaafu

Bremen, Ujerumani

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu wewe na Mama, na wazee wote wa mtaani uwape kamwene yangu. Mimi ni mzima, kazi inaendelea vizuri, na baridi iliyotubana tangu Novemba imeanza kulegea.

Ujumbe wako umenifikia kupitia simu ya mdogo wangu. Nimefurahi kusikia kwamba kikundi chenu cha wastaafu kimekubaliana kutenga sehemu ya michango ya mwaka huu kwa ajili ya kutembelea sehemu za kihistoria zilizo karibu nanyi hapo Iringa, badala ya yote kuishia kwenye misiba na sherehe za watu wengine. Umeniuliza jinsi tunavyowatembeza wazee wa huku katika nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi, nami nitakujibu kwa kirefu, kwa kuwa jambo hili nimelifikiria tangu nilipofika katika mji huu.

Utaratibu wa huku hauna makubwa. Siku moja ni ya mahali pamoja tu, hata kama mahali pengine pako jirani, kwa sababu mzee akishachoka hasikii tena anachoelezwa. Kabla ya safari, mmoja wetu hutangulia kwenda kukagua ngazi ni ngapi, choo kiko wapi, na wapi pana kivuli na viti. Dawa za kila mmoja hufungwa kwa jina lake, maji ya kunywa hayasahauliki, na kurudi ni kabla watu hawajaanza kusinzia. Tena hawaendi mbali: wengi wao wamezaliwa Bremen na bado hupelekwa kuona vitu vya Bremen hiyo hiyo, ambavyo wamepita mbele yake miaka 70 bila kuingia ndani.

Safari iliyonigusa ilikuwa ya kwenda kwenye tembo wa matofali aliyesimama karibu na stesheni kuu ya treni. Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 1932 kuwakumbuka Wajerumani waliokufa katika makoloni, na mmoja wa waliohutubia siku hiyo alikuwa Lettow-Vorbeck, jenerali yule yule aliyezungushana na Waingereza huko kwetu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1990 mji uliigeuza kuwa mnara wa kupinga ukoloni. Bibi mmoja anayetembelea kigari aliusogelea ukuta, akapapasa matofali kwa kiganja, kisha akaniuliza kama kwetu watu wanayakumbuka mambo hayo. Nilimwelekeza upande wa pili wa stesheni, lilipo jumba la makumbusho liitwalo Übersee-Museum, nikamwambia kwamba fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilitoka mle.

Hapo ndipo ninapokuomba, Baba, muanzie Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa. Ni mwendo wa kilomita kama 15 tu kutoka mjini, na najua kuna wanakikundi ambao mara ya mwisho walifika wakiwa wamefuatana na wanafunzi wao, wakihesabu vichwa vya watoto badala ya kutazama. Safari hii watazame wenyewe. Mtakumbuka kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi 6, lakini ikapita zaidi ya miaka 30 kabla Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, hajafika hapa Bremen na kuchagua, kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa yamehifadhiwa, lile lililokuwa na tundu la risasi na vipimo vilivyokaribiana na vya jamaa za Mkwawa. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Mzee mwenye miaka 80 na ushee leo alikuwa mtoto wa shule siku ile. Kama mnaye mmoja aliyekuwepo, au aliyesimuliwa na baba yake, basi mwongozaji wa makumbusho akishamaliza maelezo yake (na wakati mwingine huyasema haraka kama anayekariri shairi), mpeni mzee huyo kiti na nafasi ya kuzungumza, na kijana mmoja arekodi kwa simu.

Isimila iwe ya pili, na iwe peke yake. Iko kama kilomita 20 kwa barabara ya Mbeya, na kosta inafika bila shida. Zana za mawe zilizopatikana pale, zikiwemo shoka za mkono zilizochongwa pande zote mbili hadi zikapata ncha, zinakadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 200,000. Wataalamu walichimba mwishoni mwa miaka ya 1950 wakakuta pia mifupa ya aina ya kiboko ambayo leo haipo tena duniani. Tatizo ni korongo lenye zile nguzo za udongo, kwa maana mteremko wake si wa magoti ya wastaafu. Wenye nguvu washuke na fimbo, wengine wabaki juu kwenye zana, na pasiwe na mtu wa kuwatania waliobaki.

Boma la mjini, jengo la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya mkoa, linafaa kwa siku ya mawingu au kwa wale wasiopenda gari. Jiwe la Gangilonga waachieni wajukuu. Mlambalasi, lilipo kaburi la Mtwa, mahali alipojipiga risasi Julai 1898 asikamatwe akiwa hai, msipakose, ila ni mbali zaidi, kwenye njia ya Ruaha, nako mwende mkishazoeana kusafiri.

Kuhusu pendekezo la mwenyekiti la kwenda kuona kimondo cha Mbozi, naomba mlitafakari upya. Ni kweli chuma kile cha tani zipatazo 16 ni cha ajabu, lakini kutoka Iringa hadi Mbeya peke yake ni zaidi ya kilomita 300, na kwenda na kurudi siku moja ni kuwaumiza watu. Kama lazima, laleni Mbeya usiku mmoja, na fedha yake ichangwe kando.

Safari ya kwanza isubiri mvua ziishe, mwezi wa Mei mwishoni, kabla ya baridi kali ya Juni. Muulizie mapema kiingilio na kama kikundi kinapata nafuu. Gharama ya kosta ya Kalenga nitaibeba mimi. Nijulishe kiasi na tarehe, nami nitatuma kwa namba ya Mama, si kwa ya mdogo wangu, na yeye mwenyewe anajua sababu.

Mwambie Mama kwamba koti lake la sufu litasafirishwa na mwenzangu anayekuja likizo mwezi ujao, lifike kabla ya safari.

Ni mimi mwanao akupendaye.