RISALA YA WAZAZI WA DARASA LA KWANZA NA LA PILI KWA MGENI RASMI: TUFUNDISHENI NA SISI

Ndugu mgeni rasmi, Afisa Elimu Awali na Msingi, Afisa Elimu Kata, mwalimu mkuu na walimu wetu wote, mwenyekiti wa kamati ya shule, wenzangu wa UWAWA, yaani ule ushirikiano wa wazazi na walimu, wazazi na walezi, na nyie wanetu mliokaa hapo mbele kwenye mkeka, habari za asubuhi. Wakubwa zetu shikamooni.

Kwanza tunakushukuru kwa kuja, tunajua hii barabara ya huku kwetu ikinyesha inakuwaje na wewe umefika kabla hata ya muda, ahsante sana. Mimi nimetumwa na wazazi wenzangu wa la kwanza na la pili nisome hii risala, tuliiandika siku tatu kwenye grupu letu la wasapu kila mtu akiongeza lake, kwa hiyo ukiona inaruka ruka utuvumilie, ni mengi na yanatoka moyoni.

Mgeni rasmi, watoto wetu wa la pili ndio walioingia darasa la kwanza Januari 2024, mwaka ule mtaala mpya ulipoanza kwa awali, la kwanza na la tatu. Kwa hiyo wao ndio walifungua njia na sisi wazazi wao tukafungua nao, ila tofauti ni kwamba wao walikuwa na mwalimu wa kuwaelekeza, sisi hatukuwa na mtu. Tulisikia tu redioni kwamba elimu ya msingi sasa itakuwa miaka sita, Kiingereza kinaanza la kwanza, mtoto anapimwa umahiri. Umahiri ndo nini? Tukaulizana wenyewe kwa wenyewe mlangoni tukiwa tunasubiri watoto, kila mtu na jibu lake.

Naomba nitoe mfano wangu mwenyewe maana ndio ninaoujua vizuri. Binti yangu alirudi na daftari, wamefundishwa herufi m. Mimi nilivyosoma zamani tulikuwa tunaimba a, be, che, de, e, efu, ge, na kusoma ilikuwa me na a, ma, me na a, ma, mama. Basi nikakaa naye jioni, nikamwambia hii inaitwa me. Akanambia hapana mama, hii ni mmmm, akafunga midomo kabisa. Nikamwambia mwanangu hiyo ni me, sema me. Akasema me. Haya, me na a? Akanijibu mea. Nikarudia, akasema mea. Nikapandisha sauti, akaanza kulia, na nakiri hapa mbele yenu nilimpiga kofi la mgongoni, nikasema huyu mtoto anafundishwa nini huko.

Kesho yake nikaja shuleni nimevimba. Mwalimu wake wa la kwanza, namshukuru mpaka leo, hakunijibu kwa hasira, alinikalisha kwenye kile kidawati kidogo akaandika ubaoni me. Akaniuliza hii inasomwaje? Nikasema me. Akaandika m peke yake, na hii? Nikasema me. Akanitazama tu. Hapo ndo nikaelewa. Kwa Kiswahili jina la herufi na silabi vinafanana, be ni herufi na be ni silabi ya pili kwenye ba be bi bo bu, sasa mtoto wa miaka sita atajuaje ni ipi? Ndio maana anafundishwa sauti kwanza, mmm ukiiunga na a inakuja ma yenyewe bila kulazimisha. Mtoto alikuwa sahihi kasoma vile nilivyomwambia, me na a ni mea kweli, mimi ndiye niliyekuwa namvuruga. Na nilipokuja kusimulia kwenye grupu, wazazi 14 siku hiyo hiyo wakaandika na mimi, na mimi, na mimi pia.

Na huu utaratibu wa kukazania KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa la kwanza na la pili sio wa juzi, ulianza 2015. Yaani miaka yote hiyo nyumbani tunavuta huku na mwalimu anavuta kule, na anayechanika ni mtoto.

Hesabu nako ni hivyo hivyo. Mwalimu aliomba kila mtoto aje na vijiti na vizibo vya soda, baadhi yetu tukalalamika kwamba michango imerudi kwa mlango wa nyuma wakati tuliambiwa elimu bila ada toka 2016. Kumbe vijiti kumi vinafungwa na kamba ya mgomba vinakuwa fungu moja la kumi, mtoto akipewa 42 kutoa 17 anafungua fungu moja kwa mikono yake anapata mamoja 12, anatoa saba, zinabaki tano, kwenye mafungu matatu yaliyobaki anatoa moja, yanabaki mawili, 25. Sisi tulikariri tu kopa moja kwa jirani, na ukituuliza jirani gani na tunamrudishia lini hatujui. Baba mmoja hapa fundi baiskeli aliona mwanae anavyofanya akasema angefundishwa hivi asingeacha shule la nne. Alisema kwa uchungu na wote tulinyamaza.

Mgeni rasmi, jambo lililotusumbua kuliko yote ni upimaji. Mwezi wa sita mwaka ule ripoti zikaja hazina nafasi. Hakuna wa ngapi kati ya wangapi. Ipo tu orodha ya anachoweza mtoto, kumbe ndio huo umahiri wenyewe, anasoma silabi, anasoma sentensi fupi, anaandika imla ya maneno matano, anahesabu hadi 99, na pembeni mwalimu ameandika ameweza au bado anahitaji msaada. Siku ile simu ya mwalimu mkuu haikupumzika. Wazazi wengine walisema walimu wamekuwa wavivu wa kusahihisha, kuna waliohamisha watoto kwenda shule za kulipia kwa sababu hiyo tu, kule angalau anaambiwa wa tatu au wa kumi na moja.

Tunasema ukweli, tulizoea. Mtu umelima, umeuza ndizi sokoni, unataka jioni usikie mwanao wa kwanza. Lakini tulivyokaa na zile ripoti tukaanza kuona kitu. Mwaka wa nyuma yake kaka yake binti yangu alikuwa wa 38 kati ya 112, nikamwambia ongeza bidii. Bidii ya nini? Sikujua. Hii ripoti mpya imeniambia binti anasoma vizuri ila akiulizwa maswali ya hadithi anashindwa, basi kila usiku nikawa namuuliza sungura alienda wapi, kwa nini alikimbia, na muhula uliofuata ile sehemu ikabadilika ikawa ameweza. Wa 38 haikuwahi kunipa kazi ya kufanya. Na hata Baraza la Mitihani lenyewe toka 2023 limeacha kutangaza zile shule kumi bora, kwa hiyo tumeanza kuelewa upepo unavuma wapi.

Ila tusidanganyane, wapo wenzetu bado hawajakubali. Ule upimaji wa KKK wa la pili mtoto anaitwa mmoja mmoja anasoma kwa sauti mbele ya mwalimu, sasa nyumbani umeshageuka mtihani wa kutisha. Watoto wa miaka saba wanapelekwa tuisheni mpaka saa moja usiku wakakariri vifungu, mtoto anakisoma kitabu kimefungwa. Hiyo sio kusoma na tunawaomba wazazi wenzangu mliopo hapa tuache, mtoto alale.

Sasa maombi yetu, mgeni rasmi, na tumeambiwa wewe ni mtu wa kusikiliza.

Watoto ni wengi mno. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa moja na awali 25, sisi la kwanza wamezidi 100 na mwalimu ni mmoja. Huu upimaji tunaousifia hapa ni wa kumwangalia mtoto mmoja mmoja, kila mtoto ana mkoba wake wa kazi, yaani faili la kazi alizofanya, kila mtoto anasikilizwa akisoma. Kwa watoto zaidi ya 100? Tumemuona mwalimu wetu anabeba mafaili kwenye kiroba anaenda nayo nyumbani wikiendi. Atachoka, na akichoka atarudi kwenye kuwaimbisha wote kwa pamoja na hatutamlaumu. Sisi wazazi tumeshafyatua tofali za darasa moja, zipo nyuma ya choo cha walimu utaziona, tunaomba halmashauri itusaidie bati na sementi, na zaidi ya hapo tunaomba mwalimu wa pili wa la kwanza. Hili ndilo ombi kubwa, mengine hata yakichelewa.

Vitabu havitoshi, watoto wanne wanagombania kimoja. Tunajua Taasisi ya Elimu imeweka vitabu kwenye maktaba mtandao, unasoma bure, ni jambo zuri sana ila kwenye familia zetu simu janja ni moja na anaondoka nayo baba, na bando nalo ni hela. Kitabu cha karatasi mtoto anachoweza kulala nacho bado kinahitajika.

Kiingereza cha la kwanza, hapo kwa kweli wengi wetu hatuna msaada wa kutoa, tunawaachia walimu.

Na wale wenye watoto walioanza la tatu 2024 wamenituma niulize, 2027 watamaliza la sita pamoja na la saba wa mtaala wa zamani, wote wanatakiwa form one 2028, je sekondari yetu ya kata imejiandaa? Tunaomba jibu leo au siku nyingine, ila tulipate.

La mwisho ndilo tulilolibebea kichwa cha hii risala. Mwaka 1970 ulitangazwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na bibi yangu alijifunza kusoma chini ya mwembe kwenye shule kama hii, jioni, akitoka shamba, na mtoto mgongoni. Mpaka anafariki alikuwa anasoma barua zake mwenyewe. Tunaomba na sisi tufunguliwe darasa, Jumamosi moja tu kwa mwezi, kwa muda wa saa mbili. Mwalimu atuonyeshe sauti za herufi, atuonyeshe mafungu ya kumi, atuambie ile ripoti inasomwaje na wiki hiyo mtoto yupo wapi. Hatuombi posho, uji tutapika wenyewe, na mwalimu atakayekubali tutamchangia nauli. Tunachoomba kwako ni ruhusa, na uwaambie maafisa elimu wa kata nyingine wajaribu pia kwa sababu wazazi wa huko nao wanasema me na a.

Mgeni rasmi, kabla sijakaa, kuna watoto watatu wa la pili watakuletea mikoba yao ya kazi. Usiangalie mwandiko tu, chagua ukurasa wowote umwambie akusomee, halafu muulize swali moja la ile hadithi. Tunaomba ufanye hivyo hapa hapa mbele yetu.

Naomba kuwasilisha.