Shukrani kwa ndugu wa Kikwit

Ndugu yangu, sikujui jina wala sura, lakini mimi mchuuzi wa dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, nina deni kwako.

Mwaka 1995 Ebola ilipoingia mji wenu wa Kikwit, Kongo, na kuua zaidi ya watu 200, wewe ulipona. Zaidi ya miaka 10 baadaye ukakubali kutoa damu, na watafiti wakakuta bado ina kingamwili zenye nguvu ya kukizuia kirusi kisiingie kwenye seli. Kutokana nayo ikatengenezwa dawa ya mAb114. Ungeweza kukataa, na nani angekulaumu baada ya yale uliyoyapitia?

Dawa hiyo ikajaribiwa mashariki mwa Kongo kuanzia Novemba 2018. Kati ya waliopewa, walifariki takriban 35 katika kila 100. Kwa waliowahi matibabu virusi vikiwa bado vichache mwilini, kama 10 tu. Mmoja wa waliopona ni mteja wangu wa Beni, mama wa watoto wadogo. Alitundikiwa dripu ile mara moja. Siku hizi ananipigia kuulizia bei ya gunia, na kila nikisikia sauti yake nakukumbuka wewe.

Najua dawa hiyo haitibu Marburg, ugonjwa unaofanana na Ebola, uliowapiga jirani zetu wa Kagera 2023, na hilo linaniuma. Ila kwa Ebola ya aina iliyokupata wewe, watu wanarudi kwao.

Asante sana. Mungu akupe umri mrefu, wewe na uzao wako.