Sungura Mdogo na Sungura Mtoto: Kabla Hujamnunulia Mwanao

Kila zinapomalizika siku za Idi, dukani kwetu Mwanakwerekwe huja wazee pamoja na watoto wao waliokusanya fedha za sikukuu, na ombi lao karibu wote ni moja: wanataka sungura mdogo, asiyekua, anayeweza kufugwa ndani ya nyumba. Ombi hilo tunalifurahia, kwa sababu mtoto anayemlisha mnyama kwa wakati na kumsafishia mahali pake kila asubuhi kabla ya kwenda skuli hujifunza huruma kwa mikono yake mwenyewe. Hata hivyo, neno "mdogo" limewatia hasara wateja wengi na limewaua sungura wengi, na ndiyo maana tumeona ni wajibu wetu kulieleza.

Hivi karibuni mama mmoja wa Jang'ombe alituletea sungura mweupe ndani ya boksi la tambi. Alimnunua kwingine, miezi mitatu nyuma, wakati huo akienea kiganjani, na aliambiwa kuwa ni kibete. Tulipomweka juu ya mzani alikuwa kilo 3 kasoro robo. "Mwanangu, mimi niliambiwa huyu hakui," alisema, na binti yake hakuondoa mkono wake mgongoni kwa yule mnyama. Tulimnyoosha mguu wa nyuma tukawaonyesha urefu wake, kisha tukawaonyesha masikio. Sungura huyo alikuwa New Zealand, mbegu ambayo, jina lake lisikudanganye, ilitengenezwa Marekani kwa ajili ya nyama, na ambayo hufika kilo 4 hadi 5 akishapevuka. Alikuwa bado hajamaliza kukua.

Udanganyifu wenyewe ni mwepesi. Kitoto cha sungura wa nyama chenye wiki nne kina uzito unaokaribiana na wa kibete mchanga, macho yake ni makubwa, na mnunuzi asiyejua hawezi kuvitofautisha. Ubaya wake haumalizikii kwenye fedha za mteja, kwani kitoto kilichotolewa kwa mama yake mapema hivyo huwa na tumbo lisilo tayari kwa majani matupu, huharisha, na mara nyingi hufa katika wiki ile ile aliyopewa jina na watoto wa nyumba. Kwa sababu hiyo sisi hatumtoi sungura yeyote kabla hajatimiza wiki nane, hata mteja akisisitiza kuwa anamtaka akiwa mdogo zaidi.

Kibete wa kweli, kama yule anayeitwa Netherland Dwarf, akishakua huwa na uzito wa karibu kilo moja tu. Masikio yake ni mafupi na yamesimama, kichwa chake ni cha mviringo, na miguu yake ya nyuma haimzidi mwili. Ukiona kitoto chenye masikio marefu na nyayo zinazoonekana kama za kuazima, fahamu kwamba mwili bado unakuja kuzifuata. Jambo la kutegemewa zaidi ni kuwaona wazazi wake wote wawili, na hata hapo usichukue ahadi ya uhakika, kwa kuwa vibete wawili wa kweli wakizalishwa pamoja, kwa wastani kitoto kimoja katika kila vinne hakirithi ule ufupi na hukua kuwa mkubwa kuliko wazazi wake, na kingine kimoja huurithi kutoka pande zote mbili na hufa siku chache baada ya kuzaliwa. Mfugaji anayekuapia kwamba vitoto vyake vyote vitabaki vidogo anaahidi asichokimiliki.

Hapa Unguja, hata hivyo, sisi hutanguliza joto kabla ya udogo. Sungura hatoki jasho. Joto la mwili wake hutokea zaidi masikioni, na hali ya hewa inayomfaa ni ya nyuzi 15 hadi 21. Wakati wa kaskazi, hasa Februari, mchana wetu hupita nyuzi 30, na kizimba kilichowekwa chini ya bati au kwenye kibaraza cha ghorofani kinachopigwa na jua la alasiri huwa tanuri. Nyumba ya Mji Mkongwe yenye kuta nene za mawe inamfaa zaidi, mradi upepo unapita. Ukimkuta amelala kifudifudi, anahema haraka, pua zimepanuka na masikio yanaunguza, mhamishie kivulini, mlowanishe masikio kwa maji ya kawaida na umpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja jioni. Usimtumbukize ndani ya ndoo wala usimmwagie maji ya barafu, kwani mshtuko wake unaweza kumuua. Katika siku za joto kali, chupa ya maji iliyogandishwa na kufungwa kwa kanga kuukuu, ikawekwa ndani ya kizimba ili aiegemee, husaidia sana.

Kwa ajili hiyo hatuwashauri wateja wetu kuchukua Angora mwenye manyoya marefu, wala wale wenye masikio yaliyolala, hata kama picha zao zinavutia. Kibete naye ana udhaifu wake: uso wake ulio mfupi humfanya awe rahisi kupata meno yasiyokutana, na meno ya sungura hurefuka maisha yake yote, zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, hivyo yasiposuguana humzuia kula. Isitoshe, wengi wao ni waoga, na mtoto wa miaka mitano akimbana vibaya sungura hupiga teke kwa nguvu inayoweza kuvunja uti wake mwenyewe wa mgongo. Kwa nyumba yenye watoto wadogo tunapendekeza Dutch au chotara wake, mwenye kilo 2 hadi 2 na nusu, manyoya mafupi na masikio yaliyosimama. Huyu ni mtulivu zaidi, na si mkubwa kiasi cha kuisumbua nyumba.

Ukichukua wawili, tuachie tuwakague, kwa sababu jinsia ya vitoto hukosewa mara nyingi na jike hubeba mimba kwa siku 31 tu, na anaweza kushika nyingine siku ile ile aliyozaa. Chakula kikuu cha sungura kiwe ukoka na majani mengine makavu na mabichi, pamoja na mchunga. Kisamvu kibichi, majani ya mparachichi na mkate visimfikie. Sungura aliyekaa nusu siku bila kula ni mgonjwa tayari.

Yeyote aliyekwisha kununua sungura, popote alipomnunua, anaweza kumleta tumpime uzito, tumtazame meno na nyayo, na tumwambie kwa ukweli atafikia ukubwa gani, bila malipo. Mlete asubuhi kabla ya saa tatu, ndani ya tenga linalopitisha hewa, na usimpakie kwenye daladala adhuhuri.